Virusi Inayoua Samaki za Bwawa

Siye wa mwaka wa mwisho tunapenda kueleza jambo linalogusa chakula cha kila nyumba.

Tangu wakati wa Wabelgiji, kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilichunguza namna ya kufuga tilapia mu mabwawa. Samaki hii inazaa upesi na chakula chake si cha bei kali. Lakini iko na adui mudogo sana: virusi.

Virusi haiwezi kuzaana yenyewe. Inaingia mu chembe ya samaki na kuitumikisha itengeneze virusi zingine, mpaka chembe inakufa. Mwaka 2014 wataalamu wa Israeli walieleza virusi moja ya tilapia, inayoitwa TiLV. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba imepatikana mu Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, ndani ya samaki zilizoonekana nzima. Njo hatari yenyewe: samaki inaweza kubeba ugonjwa bila alama.

Alama ni hizi: samaki inakataa chakula, inaogelea polepole, macho yanavimba, ngozi inapata vidonda, halafu nyingi zinakufa. Lakini tusichanganye. Kama samaki zinakuja juu kutafuta hewa asubuhi mapema, mara nyingi ni hewa imepunguka mu maji. Tuongeze maji mapya.

Mtu hapati ugonjwa wa TiLV. Hata hivi, dawa ya kuuponya hakuna. Antibiotiki zinaua bakteria, si virusi. Kuzitupa mu bwawa ni kupoteza feza bure.

Basi, kinga iko mu mikono yetu:

1. Tusinunue watoto wa samaki mu bwawa ambamo samaki zinakufa.
2. Samaki mpya zikae kwanza mbali na zingine.
3. Tusiazimane nyavu na ndoo bila kuzisafisha na kuzikausha juani.
4. Samaki zilizokufa zizikwe mbali na maji, pamoja na chokaa. Tusizitupe mu mto.
5. Bwawa lililopata ugonjwa likaushwe na kutiwa chokaa.

Mwenye bwawa akiona samaki zinakufa, anashawishika kuuza upesi watoto waliobaki, ao kunyamaza. Lakini mito ya Kamina inashuka Lomami na Lualaba, na watu wa Upemba wanaishi kwa uvuvi. Kumwambia jirani mapema ni kulinda sahani yake na yetu.