Je, Wajua? Saa Inayokimbizana na Nuru Ndani ya Mwili

Je, wajua kuwa ubora wa mashine ya PET, ile inayosaka saratani mwilini, unategemea sana saa iliyo ndani yake?

Mgonjwa hudungwa sukari iliyoungwa na florini-18, aina ya florini yenye mionzi. Seli nyingi za saratani zina uchu wa sukari, kwa hiyo huivuta zaidi kuliko seli za jirani. Atomu ya florini ikioza hutoa positroni, chembe iliyo pacha wa elektroni ila chaji yake ni chanya. Ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na badala yake hutokea miali miwili ya gama, kila mmoja na nishati ya kiloelektronivolti 511, ikikimbia kuelekea pande mbili zinazopingana. Vitambuzi vimepangwa kwa duara kumzunguka mgonjwa. Viwili vikigongwa karibu kwa pamoja, tunajua miali ilizaliwa mahali fulani kwenye mstari unaoviunganisha.

Mahali gani hasa? Fikiria magari mawili yanayoondoka dakika moja, kwa mwendo mmoja, kutoka sehemu fulani ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, moja likielekea Dar na lingine Morogoro. Yakifika kwa wakati mmoja, yalianzia katikati ya njia. La Morogoro likitangulia, yalianzia upande wa Morogoro, na kadiri lilivyotangulia ndivyo tunavyojua ni umbali gani. PET hufanya hesabu hiyohiyo, ila nuru hukata sentimita 30 kwa nanosekunde 1, yaani pikosekunde 1,000. Saa yenye kosa la pikosekunde 500 huacha mashaka ya sentimita 7.5 kwenye mstari ule. Pikosekunde 200 huyapunguza hadi sentimita 3. Ukifika 10, umebakiwa na milimita 1.5.

Je, wajua kuwa wazo hili liliwahi kujaribiwa likawekwa kando? Miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, na wenzao wa Grenoble, Ufaransa, walitengeneza mashine za namna hii kwa fuwele zinazotoa mwanga zikigongwa na gama, za floridi ya sesiamu na floridi ya bariamu. Fuwele hizo zilikuwa na kasi, lakini zilipitisha miali mingi bila kuikamata. Hospitali zikaegemea BGO, fuwele nzito ya bismuthi na jerimani inayonasa gama vizuri sana ingawa mwanga wake huchukua nanosekunde 300 hivi kufifia. Kwa muda mrefu uzito ukashinda kasi.

Kilichofufua wazo lile kilitoka kwenye visima vya mafuta. Charles Melcher alikuwa mtafiti wa kampuni ya Schlumberger, inayoteremsha vitambuzi vya mionzi ardhini kupima miamba yenye mafuta. Karibu na mwaka 1990 alipata fuwele ya silikati ya lutetiamu, LSO, inayokamata gama karibu sawa na BGO lakini mwanga wake hufifia kwa nanosekunde 40 tu na ni mwingi zaidi. Mwaka 2006 Philips ikaleta sokoni Gemini TF, mashine ya kwanza ya kibiashara ya enzi hii mpya, ikiwa na usahihi wa karibu pikosekunde 600. Baadaye vihisi vidogo vya silikoni vikachukua nafasi ya mirija ya kioo ya zamani iliyosoma mwanga wa fuwele, na mwaka 2018 Biograph Vision ya Siemens ikafikia takriban pikosekunde 214.

Je, wajua kuwa fuwele hiyo yenyewe ina mionzi? Asilimia 2.6 ya lutetiamu ya asili ni lutetiamu-176, ambayo nusu-maisha yake ni karibu miaka bilioni 37, zaidi ya mara mbili ya umri wa ulimwengu. Kwa hiyo vitambuzi vya PET hutoa mapigo yao wenyewe usiku kucha, hata chumba kikiwa hakina mgonjwa. Si hatari, na mafundi wanaweza hata kuyatumia kukagua kama kila kitambuzi kiko sawa.

Sasa tuingie ndani ya fuwele moja, kwa sababu huko ndiko kila pikosekunde inakopiganiwa. Ina urefu wa milimita 20 na kihisi kiko kwenye kitako chake. Mwali wa gama ukigonga mdomoni, mwanga unaozaliwa hapo lazima usafiri milimita zote 20 ndani ya fuwele, na huko nuru hupungua kasi: safari inachukua pikosekunde 120 hivi. Gama nyingine ikipenya hadi kitakoni kabla ya kugonga, hutumia pikosekunde 67 tu, na kihisi kiko palepale. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya pikosekunde 50 ambayo haitokani na mgonjwa hata kidogo. Kwa nini basi tusikate fuwele iwe fupi? Kwa sababu gama zitapita. Fuwele za milimita 20 hukamata karibu jozi 2 kati ya 3 za miali. Za milimita 3 hukamata jozi 1 kati ya 20. Kila anayebuni kitambuzi anabanwa na hesabu hiyo, na kwangu ndiyo sehemu inayostahili heshima kubwa kuliko zote katika kazi hii.

BGO iliyokuwa imeonekana ya kizamani imerudi kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Gama ikigonga humo, huweza kurusha elektroni inayokwenda kasi kuliko nuru inavyokwenda ndani ya fuwele ileile, na elektroni hiyo hutoa mwanga wa Cherenkov, uliopewa jina la Pavel Cherenkov, mwanafizikia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Fotoni zake hazifiki 20, lakini hutoka papo hapo, bila kusubiri zile nanosekunde 300. Kihisi chenye wepesi wa kuzidaka hugeuza fuwele ya polepole kuwa saa ya kasi.

Mwaka 2021 timu ya Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na washirika wake wa Japani, ilitegemea mwanga huohuo wa Cherenkov, ikafikia pikosekunde 32, sawa na milimita 4.8. Kwa usahihi huo walipata picha bila kuzifanyia hesabu za kompyuta za kuunda taswira, ambazo PET imezitegemea tangu miaka ya 1970. Kila jozi ya miali iliwekwa mahali ilipozaliwa, basi.

Kuna kikomo ambacho saa haiwezi kukivuka. Positroni ya florini-18 hutangatanga kwa wastani wa nusu milimita au zaidi kidogo kabla ya kukutana na elektroni, kwa hiyo tunapima ilipotoweka, si ilipozaliwa.

Faida kubwa humfikia mgonjwa mnene, ambaye mstari ndani ya mwili wake ni mrefu na mashaka yake ni mengi. Nyingine ni dozi, ambayo saa bora huiwezesha kuwa ndogo. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, ndiyo maana Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ina saiklotroni, mashine yake ya kuitengeneza. Mashine inayotosheka na nusu ya dozi inaipa dawa hiyo dakika 110 zaidi za kuwa njiani, muda ambao unaweza kutosha kutoka Nairobi hadi Naivasha.