Fleti za ushirika kando ya East River: bei nafuu, mlango mgumu

Anayepitia matangazo ya nyumba Sutton Place au Beekman Place, mashariki mwa Manhattan, hukutana na jambo linalomfanya asome mara ya pili. Fleti yenye madirisha yanayotazama East River, bawabu mlangoni na mahali pa kuwasha moto sebuleni, inaweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko fleti ya ukubwa huohuo katika ghorofa jipya la mtaa wa pili lisiloona maji hata kwa mbali. Dalali hakukosea kuandika tarakimu. Ghorofa jipya huuza hati ya kila fleti, lakini lile la mtoni ni la ushirika, na soko la New York huzipa aina hizo mbili bei tofauti.

Mnunuzi wa fleti ya ushirika hapewi hati ya nyumba. Jengo zima, kuanzia boila ya chini hadi paa, ni mali ya kampuni. Yeye ananunua hisa za kampuni hiyo, na hisa zinamwezesha kupata mkataba wa muda mrefu wa kukaa katika fleti fulani. Hisa zenyewe ziligawanywa tangu mwanzo kwa kuangalia ukubwa, ghorofa na mandhari: fleti ya ghorofa ya 14 inayoona mto kwa kawaida hubeba hisa nyingi kuliko pacha wake wa ghorofa ya tatu anayetazama ukuta wa jirani. Kwa kuwa ada ya kila mwezi hutozwa kwa kila hisa, mto hulipiwa siku ya kununua na huendelea kulipiwa kila mwisho wa mwezi. (Mto wenyewe, kwa kweli, ni mkono wa bahari wenye maji ya chumvi yanayokupwa na kujaa, lakini hakuna dalali atakayekueleza hilo.)

Ada hiyo si ndogo. Ndani yake mna kodi ya majengo, mishahara ya mabawabu na mafundi, bima, gharama za kupasha jengo joto, na marejesho ya mkopo ambao kampuni yenyewe imechukua kwa dhamana ya jengo. Mkopo huo wa jengo ndio wanunuzi wengi wageni huupita bila kuuona, ingawa wanaununua pamoja na hisa.

Mfumo huu ni wa zamani. Jengo la Rembrandt la Mtaa wa 57, lililojengwa miaka ya 1880, huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza. Upande wa mtoni ulichelewa kupata wakubwa. Palipo leo na Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa palikuwa na machinjio, na harufu yake haikuhitaji tangazo. Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1920, matajiri Anne Vanderbilt na Anne Morgan walipohamia Sutton Place. Jengo la ushirika la River House lilikamilika mwaka 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, likiwa na gati lake la kufungia boti za kifahari. Miaka minne baadaye Sidney Kingsley aliandika tamthilia ya Dead End kuhusu watoto maskini wanaoogelea mtoni chini ya madirisha ya matajiri. Kisha barabara kuu ya FDR ikapita ukingoni na gati likatoweka. Ndiyo maana anayenunua ghorofa za chini leo hununua pia ngurumo za magari.

Kinachoshusha bei hasa ni bodi. Wanahisa huchagua wenzao, na hao ndio huamua nani aingie. Mwombaji hukabidhi marejesho yake ya kodi, taarifa za benki na barua za watu wanaomfahamu, halafu huitwa kwa mahojiano. Bodi ikikataa, kwa desturi haitoi sababu. Sheria inaizuia tu kubagua kwa misingi kama rangi, dini au asili ya mtu. Mwaka 1980 bodi ya River House ilimkataa Gloria Vanderbilt, mtoto wa moja ya koo tajiri kabisa za Marekani. Alikwenda mahakamani akidai ubaguzi, jengo likakana, na hakuingia.

Chukua mfano wa fleti ya dola milioni 2 yenye ada ya dola 5,000 kwa mwezi, katika jengo linaloruhusu mkopo wa nusu ya bei tu. Mnunuzi atoe dola milioni 1 taslimu. Aongeze dola 25,000 za kodi ya jimbo inayotozwa nyumba za kuanzia dola milioni 1, ambayo kwa bei hii ni asilimia 1.25. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6 utamdai karibu dola 6,000 kwa mwezi, hivyo jumla ni kama dola 11,000. Bodi nyingi za mitaa hii hutaka baada ya kununua mtu abaki na akiba ya kulipia hata miaka miwili: dola 264,000 nyingine. Wenye karibu dola milioni 1.3 za kuonyesha mezani, na walio tayari kuzionyesha kwa majirani wasiowajua, si wengi. Wakipungua wanunuzi, bei hulegea.

Anayetaka fleti ya kupangisha naye hana nafasi: majengo mengi ya ushirika huzuia au huwekea ukomo upangishaji, na baadhi hutoza ada muuzaji anapoondoka.

Wasomaji wa Nairobi hawatashangazwa sana na hisa hizi. Kwa miaka mingi mnunuzi wa fleti nchini Kenya alipewa mkataba wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo, mpaka sheria ya mwaka 2020 ilipoelekeza kila fleti ipate hati yake. Tofauti ni kwamba kampuni ya Nairobi haikuzoea kumhoji mnunuzi kuhusu mshahara wake.

Mzigo mpya umeanza kupanda juu ya ada. Sheria ya Jiji la New York namba 97 ya mwaka 2019 inawekea ukomo hewa ya kaboni inayotoka katika majengo makubwa. Ukomo ulianza kutumika mwaka 2024 na utabanwa zaidi mwaka 2030, kwa faini ya dola 268 kwa kila tani inayozidi. Jengo la miaka ya 1920 linalotegemea mvuke litahitaji mitambo mipya. Sehemu za mbele za majengo ya zaidi ya ghorofa sita nazo lazima zikaguliwe kila miaka mitano, na ukaguzi ukifichua ufa, bili hugawanywa kwa wanahisa.

Kwa mtu anayetaka kuishi hapo miaka 15, mwenye akiba na asiyechukia kuchunguzwa, fleti hizi ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Anayetafuta faida ya haraka akatafute kwingine. Na yeyote anayefikiria kununua adai hesabu za jengo za miaka mitatu na kumbukumbu za vikao vya bodi, azisome na mwanasheria kabla hajapanda lifti kwenda kuangalia mto.