Tinti au kikinga jua? Pima kabla ya kugharimika

JE, msomaji mpenzi, umewahi kuegesha gari juani Jumapili asubuhi, ukaingia ibadani au sokoni, kisha ukarudi adhuhuri na kulipata limegeuka tanuri? Unafungua mlango na joto linakupiga usoni. Usukani haushikiki. Mtoto anaketi na kuruka papo hapo akilia, kwa kuwa chuma cha mkanda kimemchoma pajani.

Hapo ndipo wengi wetu huapa kwamba kabla ya juma kwisha tutakuwa tumebandika tinti vioo vyote. Wengine huwaita wale vijana wanaochuuza bidhaa katikati ya msongamano wa magari na kununua kikinga jua cha kukunjwa, kile chenye kung'aa kama sufuria mpya. Ni kipi bora kati ya hivi viwili, hasa kwako wewe unayetaka kujifanyia kazi mwenyewe bila kumlipa fundi?

Swali hili nalijua vizuri kwa sababu nilipolijibu kwa pupa, nusura linitie katika msiba. Nitakusimulia baadaye. Kwanza tuelewe adui tunayepigana naye.

Joto hili hutoka wapi?

Mwangaza wa jua hupenya kioo bila taabu na kutua juu ya viti, dashibodi na usukani. Vitu hivyo huufyonza, vikapata moto, kisha vikaanza kupasha hewa iliyofungiwa ndani. Joto hilo halitoki kwa urahisi jinsi mwangaza ulivyoingia.

Mwaka wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu jambo hili katika jarida la Pediatrics. Waligundua kwamba siku ya jua, joto ndani ya gari lililofungwa lilipanda kwa wastani wa takriban nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, hata nje kulipokuwa na ubaridi kiasi. Asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika dakika 30 za kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia sana.

Kwa hivyo, mkazi wa Limuru asijidanganye kwamba tatizo hili ni la watu wa Mombasa peke yao. Nje pakiwa na nyuzi 22, ambazo ni hali ya kupendeza kabisa, ndani ya gari huenda zikafika 44 kabla hujamaliza kununua sukuma wiki na kupiga gumzo na jirani.

Tinti: weusi si ubaridi

Watu wengi hudhani kuwa kadiri tinti inavyokuwa nyeusi ndivyo gari linavyokuwa baridi. Si kweli. Mwanafunzi yeyote wa fizikia atakwambia kwamba rangi nyeusi hufyonza joto. Tinti ya bei ya chini ambayo imetiwa rangi tu hupunguza mwangaza na kukusitiri machoni pa wapita njia, lakini kioo chenyewe hupata moto na sehemu ya joto hilo huingia ndani. Kinachozuia joto hasa ni tinti iliyotengenezwa kwa chembechembe za kauri, au iliyopakwa madini. Ya kauri yaweza kuwa nyeupe karibu kama kioo kitupu na bado ikaishinda ile nyeusi. Bei yake, bila shaka, ni ya juu. Ile ya madini nayo inaweza kudhoofisha mawimbi ya redio na simu.

Jambo la pili ni nambari. Utaona tinti imeandikwa 50, 35, 20 au 5. Hiyo ni asilimia ya mwangaza unaopita. Lakini usisahau kwamba hata kioo kitupu hupunguza mwangaza. Ukibandika tinti ya 50 juu ya kioo kinachopitisha asilimia 80, utabaki na asilimia 40, wala si 50.

Aidha, chunguza gari lako kabla ya kutoa pesa. Magari mengi ya familia humu nchini huja kutoka Japani yakiwa yametumika, na mengi yao vioo vya nyuma vimetiwa giza tangu kiwandani. Huko Japani, kioo cha mbele na vile vya milango ya mbele lazima vipitishe angalau asilimia 70 ya mwangaza. Uingereza nayo inataka asilimia 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa milango ya mbele. Sababu ni moja: dereva aone, na aonekane.

Ikiwa bado umeamua kubandika mwenyewe, chagua mahali pasipo na vumbi wala upepo. Osha kioo kwa maji yenye matone machache ya sabuni, ukikwangue kwa wembe mpya, kisha ukioshe tena. Kata tinti iwe kubwa kidogo kuliko kioo. Ibandue karatasi yake ya nyuma huku ukiinyunyizia maji ya sabuni, uilaze upande wa ndani wa kioo, na uyasukume maji kwa kifuto cha mpira kutoka katikati kuelekea kingoni. Usishushe kioo kwa siku kadhaa, na usikisafishe kwa dawa yenye amonia. Kioo cha nyuma mwachie fundi. Zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu hukatika kwa urahisi wakati wa kubandua.

Usiku nisiousahau

Sasa kisa changu. Jumamosi moja nilinunua tinti ya 20, nikavua shati na kuanza kazi mbele ya nyumba huku watoto wa ploti wakinishangilia. Kufikia jioni milango yote minne ilikuwa nyeusi. Kweli, mapovu yalionekana hapa na pale, na kipande kimoja kilikuwa na unywele ndani yake, lakini nilijiona fundi. Mke wangu alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, lakini wewe utaona nje usiku?" Nilicheka.

Majuma mawili baadaye tulirudi nyumbani saa mbili usiku, mvua ikinyesha. Ilinibidi nirudi nyuma kidogo ili kuliweka gari sawa na lango. Nilitazama kioo cha pembeni. Kumbuka, msomaji, kwamba kioo hicho kiko nje, nawe hukitazama kupitia dirisha la mlango. Niliona giza na matone ya maji. Nikaachilia breki.

"Baba watoto, simama! Kuna mtoto!"

Mke wangu alikuwa ameshusha dirisha lake na kuchungulia nje. Mwana wa bawabu, wa miaka sita hivi, alikuwa amekimbia na gunia kichwani kuja kumsaidia babake kufungua lango. Alikuwa hatua mbili kutoka gurudumu la nyuma. Alitupungia mkono, hakujua lolote.

Sikulala vizuri usiku huo. Kesho yake asubuhi nilichukua wembe na kikausha nywele cha mke wangu, nikabandua tinti yote ya milango ya mbele. Kazi ya kubandua ilinichukua muda mrefu kuliko ya kubandika, na gundi iliyobaki niliikwangua kwa siku mbili. Majuto ni mjukuu, lakini mimi nashukuru kwamba wangu aliniamkia akiwa bado mchanga.

Kikinga jua nacho?

Kikinga jua cha kioo cha mbele hakina makuu. Unakifungua, unauelekeza upande unaong'aa nje, na unakibana kwa vile vibao vya kuzuia jua vilivyo juu ya dereva na abiria. Kwa kuwa kioo cha mbele ndicho dirisha kubwa zaidi, dashibodi na usukani hupata nafuu kubwa, na plastiki haipasuki upesi. Kikichakaa unanunua kingine. Ukikosa pesa kabisa, boksi safi lililofunikwa karatasi ya foili ya jikoni litafanya kazi hiyo hiyo.

Udhaifu wake ni mmoja: hufanya kazi gari likiwa limesimama tu. Usiendeshe kikiwa kimebaki, hata nusu yake.

Kwa watoto wanaoketi nyuma, kuna vikinga jua vya wavu vinavyovutwa juu ya mlango kama soksi au kushikamana na kioo vyenyewe. Hivi hupunguza makali ya jua gari likiwa mwendoni, na usiku unavitoa. Epuka vyenye vyuma au plastiki ngumu inayoweza kumrukia mtoto gari likigongwa. Epuka pia ile desturi yetu ya kubana leso mlangoni, kwa sababu humziba dereva macho akitaka kutazama pembeni. Leso itandaze juu ya kiti cha mtoto na chuma cha mkanda ukiegesha.

Uchague kipi?

Ushauri wangu ni huu. Anza na kikinga jua cha mbele na vya wavu kwa milango ya nyuma. Ikiwa huegesha kutwa juani, huenda usihitaji zaidi ya hapo. Ikiwa wewe hushinda barabarani mchana kutwa, jiwekee akiba ununue tinti ya kauri isiyo nyeusi, na umlipe fundi anayeijua kazi. Milango ya mbele na kioo cha mbele viache viwe angavu. Mbali na usalama wa usiku, askari wa trafiki huwa hawana mzaha na gari ambalo aliyemo haonekani.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Si tinti wala kikinga jua kitakachomwokoa mtoto aliyeachwa ndani ya gari lililofungwa. Mwili wa mtoto hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima. Hata ukienda kununua mkate tu, mshuke pamoja.

Wahenga walisema kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza: si kila kilicho cheusi ni kivuli.