Juu ya Neno "Kirusi" na Nyufa za Ndani ya Prosesa

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta vilivyoko Mbagala, Tandika na Mwananyamala, neno moja labeba mzigo usio wake. Kompyuta ikienda polepole, ikizimika au ikipoteza faili, husemwa kwamba "ina virusi", na dawa yake ni moja tu: "kupiga windo", maana yake kufuta yote na kuweka mfumo upya. Fundi mmoja alinirudishia mashine yangu akasema, "Mwalimu, sasa ni safi kabisa." Usemi huo, ingawa ni mwepesi ulimini, waweza kumpoteza asemaye na asikiaye.

Kirusi ni programu iliyotungwa kwa nia mbaya, ikaingia kutoka nje. Ufa ni kosa la mwashi, lililokuwamo tangu nyumba kujengwa. Mfano maarufu ni Spectre, uliotangazwa tarehe 3 Januari 2018 pamoja na mwenziwe Meltdown. Prosesa za siku hizi, ili zisikae bure, hubahatisha amri ijayo na kuanza kuitenda kabla haijathibitika. Zikiwa zimekosea, matokeo hutupwa. Lakini alama hubaki katika kache, yaani ghala ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa.

Tumfikirie mama lishe wa Tandika. Amwonapo mteja wake wa kila siku akija, huipasha moto chapati kabla ya kuagizwa. Leo mteja ataka ugali. Chapati yawekwa kando, wala hapana aliyeambiwa neno. Lakini mtu wa pili akiagiza chapati na kuletewa papo hapo, bila kungojea, amekwisha jua desturi ya yule wa kwanza. Ndivyo programu isiyo na ruhusa ipimavyo muda, na kwa kupima huko ikaokota siri za watu.

Namna mojawapo ya Spectre ilihitaji kurekebishwa maikrokodi, yaani maagizo madogo yanayoiongoza prosesa kutoka ndani. Marekebisho hayo hayadumu humo: mashine ikizimwa hupotea, na kila iwashwapo hupakiwa upya, ama na bayosi, ama na mfumo wa uendeshaji. Iwapo bayosi ni ya kabla ya 2018 na haijasasishwa, tegemeo ni mfumo peke yake. Basi fundi apigapo windo kwa nakala ya zamani, kisha akafunga masasisho ili bando la mteja lisiishe, huenda ameondoa virusi vyote na papo hapo ameufungua ufa uliokuwa umezibwa.

Programu za jamii ya bayosi na maikrokodi wengine huziita "programu dhibiti". Jina hilo halituridhishi: programu nyingi hudhibiti kitu, na halisemi hii yakaa wapi. Twapendekeza "programu mkazi", kwa kuwa haihami mfumo ufutwapo. Na "ufa" tunauona bora kuliko "udhaifu", ambao hata mgonjwa anao. Nilipomwambia fundi yule kwamba mashine yaweza kuwa na ufa, hakuuliza ni kirusi gani, aliuliza, "Uko wapi, Mwalimu?"