Manahodha wawili, chombo mrama: kwa nini seva mbili hazitoshi

Zahanati, maduka na vyama vya akiba na mikopo vingi siku hizi huweka rekodi zao kwenye kompyuta. Mwenye kuogopa hasara huambiwa anunue seva mbili: moja kuu, nyingine ya akiba, ili ya kwanza ikizima ya pili ishike usukani. Ushauri huo ni nusu tu.

Seva kuu hupokea kila rekodi mpya na kuipa ya akiba nakala. Kati yao hupita ishara kila baada ya muda mfupi, kama mapigo ya moyo. Ishara zikikatika, ya akiba huhesabu kwamba mwenzake amekufa, ikajitawaza.

Lakini huenda seva kuu ingali hai, ni waya tu ulioachia. Hapo kila moja hujiona kuu. Mwanachama ameweka pesa huku, ametoa kule. Daftari mbili, hesabu mbili. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dawa yake ni kura. Weka mashine ya tatu, hata ndogo isiyohifadhi data, kazi yake kupiga kura tu. Anayepata mbili kati ya tatu ndiye mkuu. Aliyebaki peke yake huacha kupokea rekodi mpya.

Hata kura haimalizi yote. Tarehe 21 Oktoba 2018, mawasiliano ya kituo kikuu cha GitHub, mashariki mwa Marekani, yalikatika kwa sekunde 43. Mitambo iliyobaki ikapiga kura, ukuu ukahamia magharibi. Kumbe mashariki kulikuwa na rekodi ambazo nakala zake hazijavuka, na magharibi tayari imepokea nyingine. Huduma zilichukua zaidi ya saa 24 kutengemaa.

Basi kabla hujamlipa fundi, muulize matatu. Nani ana kura ya tatu? Je, mteja huambiwa "imepokelewa" kabla seva ya akiba haijapata nakala? Kusubiri nakala hupunguza kasi, lakini kwa pesa za watu na dawa za wagonjwa, ni afadhali kuchelewa. La tatu: lini tutaizima seva kuu makusudi, tuone ya akiba itafanya nini? Asiyekuwa na jibu, bado hajamaliza kazi.