Bei Maelewano: Tangazo Lisilotaja Bei Humgharimu Nani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata mwanauchumi George Akerlof, aliyeeleza mwaka 1970 kwa nini mnunuzi wa gari lililotumika humshuku muuzaji: mmoja anazijua kasoro za gari, mwingine hazijui. Leo tutazame jambo ambalo muuzaji analijua vizuri, halina kificho cha kiufundi, lingeandikwa kwa tarakimu chache tu, na bado haliandiki. Fungua kundi lolote la mauziano la WhatsApp au Facebook, liwe la Dar es Salaam, Arusha au Mombasa. Utakuta friji, makochi, kompyuta mpakato, Toyota IST “namba D”, vyote vimepigwa picha mbele na nyuma, na mahali pa bei pameandikwa “bei maelewano”, “bei poa” au “njoo inboksi”. Chini yake yamepangana maoni yenye swali moja: bei gani? Desturi hii imezoeleka hata wengi wanaiona kuwa ndiyo adabu yenyewe ya soko. Mimi nasema ukimya huo una gharama. Wanunuzi ndio wanaoilipa kwanza, kisha inamrudia muuzaji, na anayefaidika nayo mara nyingi ni mtu wa tatu ambaye hata kwenye tangazo hatajwi.

George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika mwaka 1961 kwamba kuijua bei si kazi ya bure. Mnunuzi hutumia muda, nauli na, siku hizi, bando, akiwauliza wauzaji mmoja baada ya mwingine, na huacha kuuliza pale anapoona usumbufu umezidi faida anayoweza kuipata. Lipeleke wazo hilo kwenye kabati la vyombo linalouzwa Tabata. Muuzaji akiandika bei, kazi imekwisha. Asipoiandika, tuseme watu arobaini wamelipenda: kila mmoja ataandika ujumbe, atasubiri, ataulizwa yuko wapi, ataambiwa “tuongee kwa simu”, na walio wengi watagundua mwishoni kwamba bei iko mbali na mfuko wao. Kazi ya dakika moja ya mtu mmoja imekuwa kazi ya watu arobaini. Wala muuzaji mwenyewe haponi. Atajibu swali lilelile mara arobaini, kisha alalamike kwamba wateja wa mtandaoni ni wasumbufu, wanauliza bei na kutoweka. Wanatoweka kwa sababu wamekwisha kupata kile ambacho tangazo lilipaswa kuwapa tangu mwanzo.

Miaka kumi baada ya Stigler, Peter Diamond, ambaye mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alionyesha jambo la kushangaza zaidi. Ikiwa kila kuulizia bei kunamgharimu mnunuzi chochote, hata kidogo sana, wauzaji wanaweza kuwa wengi na bei isishuke. Sababu yake ni rahisi kuifuata. Muuzaji hushusha bei ili awavute wateja wa wenzake, lakini wateja hao watavutwaje na punguzo wasilolijua? Punguzo lililofichwa inboksi linamnufaisha yule tu aliyekwisha kuingia, ambaye pengine angenunua hata bila hilo punguzo. Basi hakuna mwenye sababu ya kushusha, na soko lenye wauzaji mia linaanza kuwa na bei za muuzaji aliye peke yake. Diamond alikuwa akizungumzia soko la kinadharia, na masoko halisi hayafiki huko moja kwa moja, ila mwelekeo ni huohuo.

Msomaji makini atauliza: kama ni hivyo, kwa nini mwenye bei nzuri asiitaje na kuwashinda wenzake? Swali hilo wachumi Sanford Grossman na Paul Milgrom walilitolea jibu mwaka 1981, kila mmoja kwa njia yake. Mwenye habari njema ataitangaza. Anayemfuatia naye ataona heri aseme, asije akadhaniwa kuwa miongoni mwa wabaya. Na hivyo hivyo kushuka chini, hadi anayebaki kimya afahamike kuwa ndiye mwenye habari mbaya kuliko wote. Kimantiki, ukimya ungekufa wenyewe. Kwetu haufi, kwa kuwa mantiki hiyo inamhitaji mnunuzi anayeuhesabu ukimya kuwa ni dalili mbaya. Pale wauzaji karibu wote wananyamaza, na mnunuzi anaingia inboksi bila kinyongo, kunyamaza hakumtii mtu doa. Sehemu ya lawama, kwa hiyo, ni yetu sisi tunaouliza.

Je, upo ushahidi kwamba bei ikijulikana hali hubadilika? Upo, na mmojawapo ulio bora unatoka kwa wavuvi wa dagaa-papa wa jimbo la Kerala, kusini mwa India. Mwanauchumi Robert Jensen alifuatilia masoko ya samaki ya pwani ile wakati simu za mkononi zilipokuwa zikiingia, kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu, siku moja na saa ileile, soko moja lilikuwa na samaki wanaokosa wanunuzi hadi kutupwa, na soko jingine si mbali lilikuwa na wanunuzi waliokosa samaki. Simu zilipofika, wavuvi waliuliza bei wakiwa bado baharini, kisha wakachagua pa kutia nanga. Tofauti za bei kati ya soko na soko zilipungua mno na utupaji wa samaki ukakoma kabisa. Faida ya wavuvi ilipanda kwa takriban asilimia 8, huku bei kwa walaji ikishuka kwa takriban asilimia 4. Pande zote mbili zilipata. Nakubali kwamba samaki hufanana na makochi yaliyotumika hayafanani, hivyo matokeo ya Kerala hayahamishiki yote kuja Tabata. Lakini kutofanana kwa vitu kunaipa hoja nguvu zaidi: kila kitu kilivyo cha peke yake, ndivyo bei yake isivyoweza kukisiwa kwa kutazama cha jirani.

Nadharia hizi, hata hivyo, hazigusi sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika miji yetu, nayo ni cha juu. Mwenye gari anamwambia dalali, “Mimi nataka milioni nane, utakachopata zaidi ni chako.” Tangu hapo gari lina bei mbili, na hakuna hata moja inayoweza kuchapishwa. Dalali akiandika nane, hali kitu. Akiandika tisa na nusu, mwenye gari naye ana simu, ataiona, na kesho yake atataka tisa. Kwa hiyo inaandikwa “maelewano”. Gari hilohilo mara nyingi limekabidhiwa madalali kadhaa, nao wamewapa wenzao picha, na kila mkono ulipopita umeongeza cha juu chake. Mnunuzi anaona matangazo manne na kudhani soko limejaa IST nyeupe, kumbe gari ni moja limesimama uani kwa mtu. Bei zingeandikwa, angegundua mara moja kwamba namba ileile inauzwa kwa bei nne.

Simlaumu dalali kwa kutaka ujira, maana kuunganisha watu ni kazi. Tazama lakini jinsi mambo yalivyo kwenye nyumba za kupanga. Dar es Salaam matangazo ya vyumba na nyumba za kupangisha kwa kawaida hutaja kodi waziwazi: chumba na sebule, kiasi fulani kwa mwezi, malipo ya miezi mitatu au sita. Madalali ni walewale, mitandao ileile, wateja walewale. Kilicho tofauti ni kwamba huko ujira wa dalali umezoeleka kuwa kodi ya mwezi mmoja, analipa mpangaji, na kila mtu anajua. Malipo yake yalipotoka ndani ya bei, bei ilipata kusemwa. Huu ndio ushahidi unaonishawishi kuliko wa vitabuni, kwani unaonyesha kwamba ukimya hautokani na tabia za watu. Unatokana na namna dalali anavyolipwa.

Faida nyingine ya kunyamaza ni kumpima mteja kabla ya kumtajia. Inboksi ina picha yako, jina lako, pengine na mahali unapoishi. Mwenye picha akiwa uwanja wa ndege wa Muscat hatatajiwa bei ya mwenye picha akiwa kwenye bodaboda, na ndiyo maana Waswahili wengi walioko ughaibuni humtuma ndugu aulize kwa niaba yao. Ian Ayres na Peter Siegelman waliwapeleka watu zaidi ya mara 300 kwa wauza magari wa eneo la Chicago, wote wamefundishwa kupatana kwa maneno yaleyale. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995, wazungu wanaume walitajiwa bei za chini kuliko wanawake na kuliko watu weusi. Hayo yalikuwa magari mapya, tena katika nchi yenye sheria kali za kuzuia ubaguzi. Bei isiyoandikwa popote ni bei ya sura, na anayeumia mara nyingi si tajiri. Anayeumia ni yule asiyejua kupatana.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la utamaduni: kupatana bei ni desturi yetu, na bei iliyoandikwa inaua mazungumzo. Desturi naiheshimu, ila sioni bei iliyoandikwa inaiuaje. Sokoni Kariakoo ukimuuliza mwenye duka bei, anakutajia papo hapo, kisha mnaanza kuvutana. Hakuambii kwanza “tuelewane”. Kampuni za Japani zinazouza magari yaliyotumika kwa wateja wa Afrika Mashariki huweka mtandaoni bei ya gari likiwa bandarini kwao, na gharama ya kulifikisha Dar es Salaam au Mombasa. Anayetaka kuomba punguzo huliomba. Mamlaka ya Mapato Tanzania nayo ina kikokotoo cha mtandaoni cha kodi ya magari yaliyotumika. Hivyo mtu aliyeko Mbeya anaweza kujua leo gari lililoko Yokohama litamgharimu nini hadi litoke bandarini, lakini gari la aina hiyohiyo lililoko Kinondoni asijue bei yake mpaka apige simu. Anayeandika “milioni nane, inapungua kidogo” hajavunja mila yoyote.

Pingamizi la pili ni hofu ya kujipunja: nikitaja saba, je kama yupo wa kutoa tisa? Hofu hii ina mantiki, ila inasahau nguvu ya namba ya kwanza. Mwaka 1987 Gregory Northcraft na Margaret Neale walichapisha utafiti uliofanywa Tucson, jimbo la Arizona, ambapo watu walionyeshwa nyumba moja, lakini kila kundi likapewa karatasi yenye bei tofauti. Makadirio yao yaliifuata bei ya karatasi. Hata madalali wazoefu wa nyumba walivutwa nayo, na wengi wao walikana kwamba waliitumia. Anayetaja kwanza ndiye anayepanga mazungumzo yaanzie wapi. Muuzaji anayeuliza “wewe una ngapi?” amempa mnunuzi nafasi hiyo bure, na mnunuzi wa Kitanzania anajua kuanzia nusu.

La tatu ni usalama na siri. Hapa nakubali nusu. Mwizi wa televisheni anavutwa na televisheni yenyewe na anwani yake, wala hasubiri kuona bei. Lakini kiwanja cha ukoo au nyumba ya urithi ni jambo jingine. Fedha nyingi zikitajwa hadharani, muuzaji atapokea simu za ndugu kabla ya simu za wanunuzi, na sioni kosa akinyamaza. Hilo halimhusu mwenye pasi na feni.

Wapo walioamua kutumia sheria. Brazil, ambako nako wauzaji wa mitandaoni walizoea kuwaita wateja inboksi, ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka wafanyabiashara wa mtandaoni waweke bei kando ya picha ya bidhaa au maelezo ya huduma, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa 12. Kwa mfanyabiashara wa kudumu naiona sheria ya namna hiyo kuwa ya haki. Kwa mtu anayeuza kitanda chake kimoja ingekuwa upuuzi, wala hakuna ofisi ingeweza kuisimamia. Kwake zinatosha kanuni za makundi yenyewe: viongozi wa baadhi ya makundi ya WhatsApp hufuta kila tangazo lisilo na bei. Nawe msomaji, utakapokuta “bei maelewano” chini ya picha ya kitu ambacho kina wauzaji wengine kumi, usiulize. Mfuate aliyeandika bei, hata kama utamwomba apunguze.

Wiki ijayo: malipo ya dalali, na kwa nini asilimia iliyotajwa wazi ingemfaa hata yeye.