Lugha Mlangoni pa Chuo: LaGuardia, New York

Chuo cha jamii, kwa maana ya Marekani, si kituo cha kisomo cha watu wazima. Ni chuo cha umma cha miaka 2, ambacho mhitimu wake huingia kazini au huendelea katika universite. LaGuardia kilifunguliwa mwaka 1971 huko Queens, katika jengo lililokuwa kiwanda. Mwaka 1970 Universite ya Jiji la New York, ambayo chuo hiki ni sehemu yake, ilikuwa imeanza kumpokea kila aliyehitimu sekondari jijini. Mlango ulikuwa wazi, ila kizingiti kilibaki: lugha. Wanafunzi hutoka katika nchi zaidi ya 100, na masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Aliyeelewa vema hesabu kwa Kihispania au Kibengali huenda akamaliza mihula mizima akijifunza Kiingereza tu, huku pesa zikipungua (tangu 1976 ada inatozwa).

Sekondari ya vijana wahamiaji, iliyoanzishwa chuoni humo mwaka 1985, ilishika njia nyingine. Kiingereza hufundishwa ndani ya sayansi na historia yenyewe, katika vikundi vya lugha mchanganyiko, na kijana huruhusiwa kuulizana na mwenzake kwa lugha ya mama. Sisi tuliosomeshwa kemia kwa Kifaransa, tukaja kuelezana kwa Kiswahili nje ya darasa, tunaielewa upesi.